Chikan ya Lucknow: soko limejaa, wadarizi wanaondoka

Katika mtaa wa Chowk, sehemu kongwe ya jiji la Lucknow kaskazini mwa India, maduka ya chikan, darizi ya jadi ya jiji hili, yamepangana ubavu kwa ubavu. Kurta, mitandio na sari zilizodariziwa kwa uzi mweupe zimetundikwa kuanzia dari hadi barazani. Joto likikaribia, wanunuzi humiminika. Chikan huvaliwa India nzima, husafirishwa hadi Dubai na London, na kwenye simu inauzwa usiku na mchana. Ukisimama pale utasema hii ni kazi iliyostawi.

Toka nje ya jiji uelekee Kakori, Malihabad au wilaya jirani ya Barabanki, huko ambako sindano yenyewe inashikwa, na mambo hubadilika. Mwanamke anayeijua mishono ya chikan tangu utotoni hataki bintiye airithi. Anayemaliza shule anatafuta kazi ya dukani, ya kiwandani, ya kujibu simu, kazi yoyote yenye mshahara wa mwezi. Kwa hiyo kuna kitendawili hapa, na ndicho ninachotaka kukifumbua: inakuwaje bidhaa inunuliwe kwa wingi namna hii, huku ujuzi unaoizaa ukikauka?

Jibu linalotolewa haraka ni mashine. Ni jibu la kweli nusu. Mashine ilipofika iliikuta biashara ambayo tayari ilikuwa ikimlipa mdarizi kidogo kuliko mtu mwingine yeyote aliyeigusa nguo ile. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuifuata nguo yenyewe tangu mwanzo.

Nguo moja, mikono mingi

Wengi hudhani mdarizi hukaa na kitambaa chake, akabuni ua, akalishona, kisha akauza. Chikan haiendi hivyo. Mfanyabiashara wa jijini ndiye anayenunua kitambaa. Zamani kilikuwa pamba nyepesi, melimeli ya kupenya mwanga. Siku hizi jojeti na vitambaa vingine vya kiwandani vimechukua sehemu kubwa. Fundi wa nguo hukikata na mara nyingi hukiunganisha kabla hata uzi wa darizi haujakigusa. Kisha kinakwenda kwa mchapaji, mtu mwenye rafu zilizojaa mihuri ya mbao iliyochongwa maua, majani, samaki na maembe. Huchovya mhuri kwenye nili iliyochanganywa na gundi na kuugonga juu ya nguo, mhuri baada ya mhuri, mpaka mchoro mzima ukamilike. Mchoro huo wa bluu si wa kudumu. Kazi yake ni kumwonyesha mdarizi njia.

Ndipo wakala anapozikusanya nguo na kuzisambaza vijijini na katika vitongoji vya jiji. Mwanamke hupokea kurta iliyochapwa, pamoja na maelekezo ya mishono inayotakiwa. Akimaliza, wakala huichukua na kuirudisha mjini kwa dobi. Dobi huiloweka, huipiga, huifua tena na tena hadi nili yote itoke na weupe uonekane. Kwa vizazi vingi kazi hiyo imefanyika kandokando ya mto Gomti, mto ambao leo unabeba majitaka ya jiji lenye mamilioni ya watu. Hebu fikiria kumtaka mtu aitakase nguo nyeupe katika maji hayo! Dobi hutajwa mara chache sana watu wanapoizungumzia chikan, ilhali akikosea yeye, kazi ya miezi inaharibika kwa siku moja. Baada yake huja wanga, pasi, na mwishowe duka.

Sasa turudi kwenye sindano, kwa kuwa thamani yote ya nguo hii imo humo. Kwa desturi huhesabiwa mishono ipatayo 32. Tepchi ni mshono mwepesi wa kupita moja kwa moja, wa haraka, na ndio wa bei ya chini. Bakhiya hushonwa upande wa nyuma wa kitambaa, nyuzi zikapishana huko ndani, na ukitazama kwa mbele unaona kivuli cheupe cha jani bila kuuona uzi wenyewe. Phanda ni kifundo kidogo cha mviringo kama punje ya uwele. Murri ni kifundo kirefu chenye umbo la punje ya mchele, na ua moja linaweza kubeba makumi yake, kila kimoja kikifungwa peke yake.

Halafu kuna jali, mshono ambao mimi nauona kuwa kilele cha kazi yote. Jali ni kimia, matundu madogo yaliyojipanga kama dirisha la nakshi ya mawe. Hakuna uzi unaokatwa wala kuchomolewa. Mdarizi huisukuma sindano katikati ya nyuzi za mtande na za mshindio, yaani za urefu na za upana wa kitambaa, akazitenga, kisha akazifunga palepale kwa mshono mdogo ili zisirudiane. Tundu moja, kisha lingine, mamia yake. Kuna nguo za jali na murri zinazochukua miezi.

Zamani nguo nzuri haikufanywa na mtu mmoja. Aliyebobea katika jali alifanya jali, akampelekea wa murri, naye akampelekea wa bakhiya. Mgawanyo huo ndio uliozalisha ubingwa. Leo mwanamke mmoja hupewa nguo nzima, na mishono anayotakiwa kuijua ni miwili au mitatu, ile inayokwisha haraka. Bakhiya nene na tepchi zimejaa madukani. Murri iliyo sawasawa imekuwa adimu, na jali ya kweli ni adimu zaidi.

Kazi ya wanaume iliyogeuka kazi ya "muda wa ziada"

Simulizi maarufu humtaja Nur Jahan, mke wa Jahangir, mfalme wa Wamughal aliyetawala kuanzia 1605 hadi 1627, kuwa ndiye aliyeipenda na kuikuza darizi hii. Ni simulizi tu. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni nafasi ya watawala wa Awadh, dola ya eneo hili, ambao Lucknow ilikuwa makao yao makuu tangu 1775. Walinunua kazi nzuri na kulipia muda wake. Mwaka 1856 Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki iliinyakua Awadh na mtawala wa mwisho, Wajid Ali Shah, akapelekwa Calcutta. Jumba lililokuwa likilisha mafundi likafungwa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1947, India iligawanywa na familia nyingi zenye mali zikahamia Pakistani, na mapema katika miaka ya 1950 serikali ya jimbo ikaufuta umwinyi wa ardhi. Wateja wa kazi ghali wakapungua kwa mara nyingine.

Katikati ya mabadiliko hayo lilitokea jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mafundi mashuhuri wa karne ya 19 walikuwa wanaume, waliofundishwa kwa miaka na kuishi kwa sindano yao. Malipo yaliposhuka wanaume wakaondoka, na kazi ikaingia ndani ya nyumba, mikononi mwa wanawake, wengi wao Waislamu wa kipato cha chini ambao mila na majukumu ya nyumbani viliwazuia kutoka kutafuta kazi nyingine. Wafanyabiashara wakaanza kuiita kazi ya kupitishia muda, ya mama kujipatia hela kidogo baada ya kupika. Maneno hayo yanasikika mepesi, lakini yamebeba bei ndani yake. Ukishasema kwamba mtu anafanya kazi kwa muda wake wa ziada, huna tena haja ya kuuhesabu muda huo.

Na kweli hauhesabiwi. Mdarizi hulipwa kwa kipande. Tufanye hesabu ya mfano, namba zake ni za kufikirika: amepewa rupia 300 kwa kurta moja. Anaidarizi saa nne kila siku, kati ya shughuli za nyumbani, na inamchukua siku 15. Hizo ni saa 60, rupia tano kwa saa. Malipo ya kipande yanazificha saa hizo vizuri sana. Mnunuzi anaona nguo, wakala anaona idadi ya nguo, na hakuna anayeiona siku ya kazi. Ukiacha mfano wangu kando, watafiti na vyama vya wafanyakazi waliofuatilia malipo haya wamekuta jambo lilelile kwa miaka mingi: wadarizi wengi wanapata chini ya kima cha chini ambacho jimbo la Uttar Pradesh, lenye jiji la Lucknow, limewawekea vibarua wasio na ujuzi wowote. Fundi anayefunga murri anapata chini ya mbeba matofali.

Juu ya hapo kuna makato. Nguo ikiwa na doa, makato. Uzi ukionekana umekaza, makato. Malipo yanaweza kusubiri hadi nguo ifuliwe, au hadi iuzwe. Macho yanachoka kufuata uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mara nyingi kwa mwanga wa dirishani kwa sababu umeme umekatika, na mgongo unajipinda. Gharama hizo hubaki kwa mdarizi mwenyewe.

Basi kwa nini asiuze mwenyewe? Watu huuliza swali hili kwa nia njema, na jibu lake limo katika safari ya nguo niliyoieleza. Hana mtaji wa kitambaa. Hana mihuri, na mchapaji yuko mjini. Hamjui dobi. Anachokijua ni hatua moja kati ya sita au saba. Wengine wana deni kwa wakala, aliyewakopesha wakati wa msiba au harusi. Wakala naye, kwa haki yake, si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mwanamke wa mtaa uleule, jirani au ndugu, ambaye alipata ujasiri wa kwenda Chowk na anabeba hatari ya nguo kupotea au kukataliwa. Yeye pia anasukumwa bei na aliye juu yake. Kumwondoa yeye peke yake hakubadilishi bei inayoamuliwa dukani.

Mashine, na kile inachokiiba hasa

Mashine za kudarizi si jambo jipya. Isaak Gröbli wa Uswisi aliunda mashine yake ya schiffli mwaka 1863. Jambo jipya ni mashine za kompyuta zenye vichwa vingi, vikishona ua lilelile kwa wakati mmoja, mamia ya mishono kwa dakika. Surat, jiji la nguo katika jimbo la Gujarat, limejaa mashine hizo, na vitambaa vyake vinaingia Lucknow na kuuzwa kwa jina la chikan.

Sina ugomvi na nguo ya mashine ikiuzwa kama nguo ya mashine. Mtu mwenye kipato kidogo ana haki ya kuvaa ua zuri. Kinachoumiza ni jina. Neno chikan limepewa thamani na mikono ya vizazi vya mafundi, na sasa thamani hiyo inakwenda kwa bidhaa isiyomlipa hata mmoja wao. Madhara hayaishii kwa mnunuzi aliyedanganywa. Nguo ya mashine ikikaa kwenye rafu moja na ya mkono, yenye jina moja, bei ya ile ya mkono inavutwa chini. Mfanyabiashara humgeukia wakala, wakala humgeukia mdarizi, na mdarizi hana wa kumgeukia. Anachoweza ni kupunguza mishono, kuipanua, kuiacha murri. Kazi yake inazidi kufanana na ya mashine, na mnunuzi anakosa sababu ya kulipa zaidi.

Msomaji wa pwani yetu anaijua hali hii kupitia kofia. Kofia ya mkono na kofia ya mashine zinauzwa mtaa mmoja, lakini mzee wa Unguja au Lamu anaitambua ya mkono akiwa hatua tatu, na anakubali kwamba bei yake ni nyingine kabisa. Jicho hilo la mnunuzi ndilo linalomlinda mfuma kofia. Chikan ilikuwa na wanunuzi wa aina hiyo mjini kwake. Sasa inauzwa kwa watu walioko mbali, wanaoona picha kwenye simu, na katika picha mishono yote inafanana.

Kwenye karatasi kinga ipo. Mwaka 2008 darizi ya chikan ya Lucknow iliandikishwa kama kiashiria cha kijiografia, chini ya sheria ya India ya mwaka 1999, ile ile iliyoilinda kwanza chai ya Darjeeling. Sheria hii hulilinda jina: asiye wa eneo husika, au asiyefuata njia iliyoandikishwa, hana haki ya kulitumia. Tatizo ni kwamba jina halijilindi lenyewe. Lazima awepo mtu wa kuandikishwa kama mtumiaji halali, wa kubandika alama, wa kukagua maduka, wa kwenda mahakamani. Mdarizi wa kijijini hana nafasi ya kufanya hata moja kati ya hayo. Wenye uwezo ni wafanyabiashara, na baadhi yao ndio wanaoyauza yote mawili, ya mkono na ya mashine.

Kuna tofauti moja ambayo hupita bila kutajwa. Wafumaji wa vitambaa kwa mkono nchini India wana sheria ya mwaka 1985 inayoorodhesha aina za nguo ambazo viwanda vya mitambo haviruhusiwi kuzifuma. Utekelezaji wake umelalamikiwa sana, lakini angalau ipo. Darizi haina ukuta wa namna hiyo. Mashine ikishona murri ya uongo, hakuna sheria inayosema mshono huo ni wa mkono tu.

Hapo ndipo mishtuko ya miaka ya karibuni ilipoingia. Novemba 2016 serikali iliziondoa noti za rupia 500 na 1,000 kwenye mzunguko kwa ghafla, katika biashara inayoendeshwa karibu yote kwa fedha taslimu. Julai 2017 ikaja kodi mpya ya bidhaa na huduma, na makaratasi yake yakawalemea wadogo kuliko wakubwa. Machi 2020 nchi ikafungwa kwa sababu ya korona, maduka ya Chowk yakateremsha mageti, na kazi ya kipande ikasimama siku ileile. Mwenye mshahara angeweza kudai. Wa kipande hakuwa na mwajiri wa kumdai. Agosti 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za India ukapanda hadi asilimia 50, na wauzaji wa nje wakabanwa. Kila mara mkubwa alitikisika na mdogo akaanguka.

Msingi wa udhaifu huo ni wa kisheria pia. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1996 mkataba namba 177 kuhusu wanaofanya kazi majumbani, ukitaka watendewe sawa na wafanyakazi wengine wa mshahara. India haijauridhia. Serikali imetoa vitambulisho vya mafundi wa kazi za mikono, na tangu 2021 kuna daftari la kitaifa la wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Ni hatua zinazofaa, kwa mkopo na bima hasa. Lakini kitambulisho hakisemi nani ni mwajiri, na mtu asiye na mwajiri hana wa kumshtaki malipo yakicheleweshwa.

Walichojaribu wenyewe

Mwaka 1984 Runa Banerjee na Sehba Hussain walianzisha chama cha SEWA Lucknow pamoja na wadarizi wachache. Walichokifanya kilikuwa rahisi kukisema na kigumu kukitenda: kuwakutanisha wanawake, kununua kitambaa kwa pamoja, kuchapa, kudarizi, kufua, na kupeleka nguo moja kwa moja kwenye maonyesho ya miji mikubwa. Wanawake waliokuwa wakikutana na wakala mlangoni tu wakaanza kusimama nyuma ya meza za kuuzia Delhi, wakisikia bei halisi kwa masikio yao. Chama kilikua hadi kuwa na maelfu ya wanachama, na mishono mizuri iliyokuwa ikisahaulika ikarudi kufundishwa, kwa sababu mnunuzi wa maonyesho aliilipia. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kwamba ubora haukufa kwa uvivu wa mafundi. Ulikufa kwa kukosa bei, na bei iliporudi nao ukarudi.

Hata hivyo chama kimoja hakiwezi kuwabeba wadarizi wote wa wilaya zinazoizunguka Lucknow. Serikali ya Uttar Pradesh nayo mwaka 2018 ilizindua mpango wa kila wilaya na bidhaa yake, na chikan ikawa ya Lucknow. Umeleta mikopo, maonyesho na matangazo. Wanaonufaika haraka, kama ilivyo kawaida ya mikopo, ni wenye duka na hesabu zilizoandikwa.

Mwaka 2024 Naseem Bano, bingwa wa chikan aliyefundishwa na baba yake, alitunukiwa Padma Shri, moja ya nishani kuu za kiraia za India. Anajulikana kwa kazi laini ambayo mshono wake hauonekani nyuma ya kitambaa. Nilifurahi kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mwanamke aliyeambiwa kwamba anachofanya ni cha kupitishia muda. Lakini nishani humfikia bingwa aliyekwisha kukomaa. Haimfikii msichana wa miaka 18 anayeamua mwezi huu ajifunze nini.

Wapo wanaomlaumu msichana huyo kwa kuuacha urithi. Mimi siwezi. Amemwona mama yake akipoteza macho kwa nguo ambayo bei yake ya dukani haifahamu. Kumwomba abaki maskini ili wengine wawe na kitu kizuri cha kuvaa ni ombi lisilo na haki, hata likipambwa kwa maneno ya utamaduni.

Kwa mnunuzi, iwe Lucknow, Dubai au Dar es Salaam, kuna la kufanya kabla ya kulipa. Igeuze nguo. Mashine hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini, kwa hiyo nyuma huwa na mistari iliyobana, inayofanana kila mahali. Kwa mkono utaona ncha za uzi, vifundo, uzi unaoruka kutoka jani hadi jani, na maua mawili ambayo hayalingani kabisa. Wakati mwingine alama hafifu ya nili bado ipo. Chunguza matundu ya jali: nyuzi za kitambaa zimesukumwa kando bila kukatwa. Kisha muulize muuzaji nani alidarizi na alilipwa kiasi gani kwa kipande. Wengi hawatakuwa na jibu, lakini swali likiulizwa na wanunuzi wengi, litashuka ngazi ileile ambayo bei hushuka.

Kwa wenye biashara linalohitajika liko wazi: lebo inayotenganisha nguo ya mkono, ya mashine, na ile ya mchanganyiko, na bei ya kila mshono iliyopimwa kwa saa na kuandikwa mahali mdarizi anapoweza kuisoma. Pia malipo wakati wa kujifunza. Mkono hauwezi kutengeneza jali ya kuuzika katika wiki chache; unahitaji miezi ya kuharibu vitambaa na kurudia. Zamani gharama ya miezi hiyo ilibebwa na jumba la mtawala, baadaye ikabebwa na mama aliyemfundisha binti yake bure. Mama huyo sasa amekataa, na hadi leo hakuna aliyejitokeza kuichukua nafasi yake kwa kiwango kinachotosha.